Mafundi wa Makoroboi na Vita vya Flashi

Desemba 1989, bahasha zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London. Ndani ya kila moja mlikuwa na disketi na karatasi ya maelekezo, na lebo ya disketi ilitaja jambo lililokuwa likimkosesha usingizi kila daktari wa wakati ule: taarifa kuhusu UKIMWI. Waliotumiwa ni wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza na wajumbe wa mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa huo. Aliyeichomeka alikutana na maswali kuhusu mwenendo wa maisha yake, akayajibu, akapewa makadirio ya hatari ya kuambukizwa. Programu ilifanya ilichoahidi, mtu akaendelea na shughuli zake. Kompyuta ilipofikisha kuwashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yakavurugika, na kioo kikatoa ankara: dola 189, zitumwe sanduku la posta nchini Panama.

Programu zote za leo zinazofunga mafaili ya watu na kudai fidia zinahesabiwa kuwa uzao wa disketi ile. Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliyewahi kutafiti nyani Afrika Mashariki na kufanya kazi na AMREF, shirika la madaktari wa ndege lenye makao Nairobi. Alijifichua mwenyewe kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, akirejea kutoka semina ya UKIMWI iliyofanyika Nairobi: aliandika kwenye begi la abiria mwenzake kwamba Dakta Popp amewekewa sumu. Alikamatwa Ohio mwaka 1990, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 jaji akaamua kwamba hali ya akili yake haimruhusu kusimama kizimbani.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya London na Panama, ilhali kinaligusa Ziwa Victoria kwa karibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka miwili tu baada ya disketi za Popp, Mwanza ilianza utafiti uliokuja kusomwa dunia nzima: AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa London waliwafuatilia watu wazima wapatao 12,000 katika jamii 12 za mkoa, wakitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya yalipungua kwa takribani asilimia 40. Kazi ya ukubwa huo haiwezekani kwa daftari peke yake. Watu wa aina hii, wenye takwimu za maelfu ya wagonjwa na hamu ya kila taarifa mpya, ndio hasa waliolengwa na bahasha zile. Taasisi moja ya Italia ilipoteza kazi ya miaka kumi kwa sababu wafanyakazi wake, kwa hofu, walifuta kila kitu kilichokuwa ndani ya kompyuta.

Kompyuta za kuambukizwa kando ya ziwa zilikuwa chache, na uchache huo ulikuwa wa kisheria. Tanzania ilinunua kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 kwa ajili ya Wizara ya Fedha. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikwenda vibaya, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa amri ileile iliyozuia televisheni. Marufuku ililegea taratibu na kubaki historia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo Mwanza ya pamba na reli, yenye Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971 na matawi ya benki, ilifanya hesabu zake kwa kalamu na taipureta wakati Ulaya ikizoea kompyuta za mezani. Kirusi cha Brain kilichoandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, mwaka 1986 kiliizunguka dunia kwa disketi. Mwambao wa Victoria ulikingwa na umaskini wa mashine.

Disketi zilipofika, zilikuja na kinga yake, na inafaa kuieleza kwa sababu wengi waliozaliwa baadaye hawajaiona. Disketi kubwa, zile laini za inchi 5.25, zilikuwa na pengo dogo ubavuni. Ukilifunika kwa kipande cha gundi, mashine haikuweza kuandika chochote juu yake. Disketi ndogo ngumu zilikuwa na kitufe cha plastiki cha kusogeza kwa ukucha. Kirusi kilichokuwa ndani ya kompyuta hakikuweza kuruka kuingia kwenye disketi iliyofungwa hivyo, kwa sababu kifaa chenyewe kilikataa kuandika. Hakikuhitaji kukijua kirusi kwa jina wala kujua ni cha jana au cha leo.

Tofauti hiyo, kati ya mlinzi anayewatafuta waovu kwa majina na mlango uliofungwa kwa kila asiyeruhusiwa, ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya yaliyotokea Mwanza kwa miaka 30 iliyofuata. Programu za kuondoa virusi za McAfee, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, na zile za Alwil ya Czechoslovakia, zilizozaa Avast, zilijengwa juu ya orodha: kila kirusi kina alama yake, kila alama inaingizwa kwenye orodha, na orodha lazima iongezwe kila wiki, baadaye kila siku. Kwa mtu wa Prague mwenye laini ya simu nzuri, hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa mtu wa Nyakato, Mwanza, lilikuwa tatizo lenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 samaki ndio walioleta intaneti Mwanza, kama walivyoleta mengi mengine. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikiuza Ulaya, na Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mara kadhaa kati ya 1997 na 1999, kwanza kwa sababu ya bakteria, kisha kipindupindu, kisha hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Kiwanda kilichotaka kuendelea kuuza kilihitaji kuwasiliana na mnunuzi wake siku hiyohiyo. Faksi ikaanza kusaidiwa na barua pepe, na anwani za jiji zikawa na miisho kama sukumanet na mwanza-online, kampuni zilizouza intaneti ya laini ya simu. Katikati ya mji, mitaa ya Posta na Kenyatta, vikafunguliwa vyumba vya intaneti vyenye mashine kumi au zaidi, feni juu, na muda ukihesabiwa kwa dakika.

Mei 2000 barua iliyosema nakupenda ilitoka Manila, Ufilipino, na kwa siku chache ikazuia barua pepe za mabunge na majeshi. Ilisafiri kwa kitabu cha anwani cha kila aliyeifungua. Mwanza ilikuwa na watu wachache mno mtandaoni kuumia kama London, ila chumba cha intaneti kilikuwa na udhaifu wake wa pekee: mashine moja ilitumiwa na wageni 20 kwa siku, kila mmoja akifungua barua zake, kila mmoja akishusha alichopenda. Mmiliki hakuwa na namna ya kuwachunguza wote.

Suluhisho lililopendwa halikuwa la kutafuta virusi kabisa. Liliitwa Deep Freeze, programu ya kampuni ya Kanada iitwayo Faronics. Ukishaisanidi kompyuta unavyotaka, unaigandisha. Mgeni anaweza kushusha programu yoyote, kubadili picha ya kioo, hata kuambukiza mashine nzima. Ukizima na kuwasha, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa asubuhi. Kwa biashara ya chumba cha intaneti ilikuwa dawa hasa. Ilikuwa na gharama yake, maana mwanafunzi aliyeandika barua ya maombi ya kazi na kuihifadhi mezani mwa kompyuta aliporudi baada ya umeme kukatika alikuta hakuna kitu. Na umeme ulikatika: mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011 bado unakumbukwa na kila aliyekuwa na biashara ya mashine.

Vita vyenyewe vilikuja na flashi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kijiti kile kidogo kiliteremka bei na kuenea kuliko intaneti yenyewe. Mwanza iliyopata intaneti ya taratibu na ya gharama ilihamisha taarifa zake kwa mkono. Muziki na filamu viliuzwa hivyo: pale Makoroboi na Mlango Mmoja vijana wenye kompyuta moja na spika mbili waliwarushia watu nyimbo kwenye memori kadi, kwa hesabu ya nyimbo au kwa kujaza kadi yote. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kule Malimbe, aliandika ripoti yake kwenye kompyuta ya rafiki, akaibeba kwa flashi hadi steshenari, akaichapa, akairudisha. Kwa siku moja steshenari ya karibu na chuo ilipokea flashi nyingi kuliko wagonjwa wanaoingia zahanati ya kata. Kompyuta moja chafu pale ilitosha. Kutoka steshenari kirusi kilikwenda kwenye kompyuta ya mhadhiri, kikapanda daladala hadi ofisi ya mjini, kikaingia meli ya usiku kwenda Bukoba, na mwanafunzi aliyepelekwa mafunzo kwa vitendo Sengerema au Ukerewe akakifikisha halmashauri.

Mlango ambao kirusi kilipitia ulikuwa hisani ya Microsoft. Tangu Windows 95, kompyuta ilipopewa CD ilitafuta humo faili dogo la maandishi liitwalo autorun.inf na kutekeleza lilichoagiza, ili mtu asiye mtaalamu asihangaike kutafuta pa kubonyeza. Waandishi wa virusi waligundua kwamba utaratibu uleule unaweza kutumika kwenye flashi. Hivyo hapakuwa na haja ya kumdanganya mtu afungue kitu: kuchomeka flashi na kubonyeza alama yake mara mbili kulitosha. Brontok iliyotoka Indonesia mwaka 2005 nayo ilienea kwa flashi. Vingine vilijivika picha ya folda ya manjano na kujiita New Folder, ila mwishoni mwa jina palikuwa na herufi exe, na Windows ya wakati ule ilizificha herufi hizo kwa mtumiaji wa kawaida. Conficker iliyojitokeza Novemba 2008 ilikwenda mbali zaidi: ilibadilisha hata maneno ya kidirisha kinachojitokeza, ili mtu adhani anachagua kutazama mafaili yake kumbe anaichagua yenyewe. Ikawa miongoni mwa maambukizi makubwa kuliko yote ya kompyuta duniani, na maelfu ya mashine zilizoachwa bila masasisho ziliendelea kuibeba kwa miaka.

Kisha kikaja kile ambacho kila aliyesoma chuo miaka ile anakikumbuka kwa jina la kirusi cha shotikati. Unachomeka flashi, unakuta mafaili yako yamegeuka mishale midogo. Kazi ya muhula mzima haipo, na kesho ni siku ya kukabidhi. Watu walilia mbele ya kaunta za steshenari. Ukweli ni kwamba mafaili yalikuwepo yote. Kirusi kiliyaficha tu na kuweka njia za mkato zilizoelekeza kwanza kwake, ndipo kwenye faili.

Hapo ndipo fundi alipopata cheo chake. Alifungua kidirisha cheusi cha amri, akaandika attrib, kisha alama za kutoa ufiche na ulinzi, kisha herufi ya flashi, akabonyeza, na mafaili yakarejea mbele ya macho ya mwenye nayo. Amri hiyo ilinakiliwa kwenye kurasa za mwisho za daftari, ikafundishwa kutoka kwa kijana mmoja hadi mwingine, na wapo walioikariri bila kujua kila herufi yake ina maana gani. Mafundi wa Makoroboi na wa vyumba vidogo vya Nyegezi walijua na zaidi. Walijua kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchomeka flashi, ili Windows isitekeleze agizo lolote. Walijua kuifungua flashi kwa kuandika herufi yake juu badala ya kubonyeza alama. Na walijua ujanja mmoja mzuri kuliko yote: kutengeneza ndani ya flashi folda tupu na kuipa jina autorun.inf. Kwa kuwa faili na folda haviwezi kukaa pamoja kwa jina moja, kirusi kilichotaka kuandika faili lake kilikuta nafasi imekaliwa. Mwaka 2009 kampuni ya Hispania, Panda, ilitoa bure programu iliyofanya kazi ya kuchanja flashi kwa wazo la namna hiyo. Kwenye meza za mafundi, ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kulipiwa nauli ya kwenda mkutano wa usalama wa kompyuta, chanjo ya folda tupu ilikuwa ikitolewa kwa bei ya soda.

Je, antivairasi zilikuwa wapi? Zilikuwepo. Kila kompyuta ilikuwa na moja, nyingine zilikuwa na mbili zilizogombana hadi mashine ikakwama. Avast, AVG na Avira zilitolewa bure. Kaspersky na NOD32 zilipatikana kwa namba za wizi zilizozunguka kwenye flashi hizohizo, na mara nyingi kile kilichoitwa ufunguo wa kufungua antivairasi ndicho kilichobeba kirusi. Tatizo kubwa lilikuwa orodha. Antivairasi iliyowekwa Januari kwenye kompyuta isiyo na intaneti ilikuwa, kufikia Juni, inawajua waovu wa Januari tu. Wapo waliojitahidi: mwenye intaneti alishusha faili la masasisho, akalibeba kwenye flashi na kulisambaza ofisi kwa ofisi, kazi ya subira kubwa. Windows yenyewe nayo mara nyingi ilikuwa nakala isiyo na leseni, na mwenye nakala kama hiyo aliogopa kuisasisha asije akagundulika na kioo kikageuka cheusi. Hivyo matundu ambayo Microsoft ilikwisha kuyaziba Marekani yalibaki wazi Igoma na Buzuruga.

Wengine walichagua kukwepa kabisa. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma bure, kwa posta, CD za mfumo wa Ubuntu kwa yeyote aliyeomba, huduma iliyoendelea hadi 2011. Fundi mwenye CD hiyo aliwasha nayo kompyuta ya mteja, na kwa kuwa virusi vya Windows haviwezi kutenda kazi humo, vilionekana vyote vimelala wazi kama dagaa juu ya mchanga, tayari kufutwa.

Kilichomaliza enzi ya autorun hakikuwa antivairasi yoyote. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozima utaratibu ule kwa flashi kwenye Windows XP na Vista, baada ya Windows 7 kuuacha tangu ilipotoka. Mpangilio mmoja uligeuzwa kutoka ndiyo kuwa hapana, na familia nzima za virusi zikakosa njia. Ni vigumu kutouliza kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo. Hasara ya kuchelewa haikumwangukia aliyeuza mfumo, ilimwangukia mwanafunzi wa Malimbe na karani wa Sengerema, na hakuna aliyewahi kuihesabu.

Mabadiliko mengine yalitoka baharini. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukapandisha intaneti hiyo hadi Kanda ya Ziwa. Kwa mara ya kwanza antivairasi ya Mwanza iliweza kupata orodha mpya kila siku bila mtu kubeba flashi. Microsoft ilikuwa imeanza kutoa kinga yake bure Septemba 2009, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 ikaja ndani ya mfumo wenyewe. Biashara ya kusafisha virusi ikanywea. Baadhi ya mafundi walihamia kutengeneza simu, wengine kamera za ulinzi, wengine wakaajiriwa na mabenki na hospitali.

Walioajiriwa walikuta kazi imebadilika sura. Ofisi yenye kompyuta 100 hailindwi kwa fundi kuzunguka meza hadi meza. Kuna seva moja inayoziona zote, na humo msimamizi anaandika masharti: mashine ya mhasibu isifungue programu yoyote isipokuwa hizi, milango ya flashi ya kaunta izimwe, kinachoonekana kuwa na tabia ya kufunga mafaili mengi kwa haraka kizuiwe hata kama hakina jina kwenye orodha yoyote. Windows 7 ilileta chombo cha kuruhusu programu kwa majina, na kampuni za antivairasi zikauza vya kwao. Mantiki ni ileile ya kitufe cha disketi, kwamba kisichoruhusiwa hakiingii. Ugumu wake ni wa kibinadamu, kwa maana daktari anayehitaji kufungua picha ya eksirei aliyoletewa kwa flashi usiku hawezi kusubiri msimamizi aamke, na msimamizi anayelegeza sharti kwa ajili ya daktari mmoja hulisahau likiwa limelegea.

Serikali nayo iliingia. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilitoa msingi wa kuanzishwa kwa TZ-CERT, kikosi kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 1, 2015, na pamoja na vifungu vyake vilivyozua mabishano makubwa kuhusu uhuru wa kusema, ilifanya kuwa kosa kumiliki au kusambaza programu iliyotengenezwa kwa ajili ya uhalifu. Mei 12, 2017 programu ya WannaCry ilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 na kuzifanya hospitali za Uingereza ziahirishe maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ya tundu ililotumia ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi miwili kabla. Zile zisizosasishwa ndizo zilizoanguka, na kila aliyewahi kuhudumia kompyuta za XP kando ya ziwa, mfumo ulioachwa bila matunzo tangu Aprili 2014, alijua hatari hiyo vizuri.

Lakini kufikia wakati huo watu wa Mwanza walikuwa wamekwisha kuhamisha maisha yao kwenye simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyekuwa akisafiri na mabunda ya noti kiunoni, akaanza kubeba mtaji wake ndani ya simu. Juni 16, 2016 usiku wa manane TCRA ilizifungia simu zote zenye namba tambulishi bandia. Wiki kadhaa kabla, watu walikuwa wakibonyeza nyota, reli, 06, reli na kutuma namba waliyoiona kwenda 15090 kuuliza kama simu yao ni halali. Yalikuwa mazuio ya kitaifa yaliyofika kwenye kifaa chenyewe mkononi mwa mtu. Waliouza simu za bei nafuu Makoroboi walibaki na shehena isiyonunulika, na wateja wao wengi, waliolipa pesa halali kwa bidhaa waliyoamini kuwa halali, walibaki na kipande cha plastiki.

Simu halali pia haikuwa na hakikisho. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu haribifu za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya, zikimuunganisha mtu na huduma za kulipia bila yeye kujua. Mtengenezaji alisema hitilafu ilitokana na mshirika katika mnyororo wa ugavi. Agosti 2021 Kaspersky waliikuta Triada hiyohiyo ndani ya FMWhatsApp, mojawapo ya WhatsApp zilizofanyiwa ukarabati na watu wa pembeni, ambazo vijana hupeana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu zinaruhusu kuficha alama za kusoma ujumbe. Mtu hupewa faili na rafiki anayemwamini, simu humuuliza kama anaruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana, naye hukubali, kwa sababu chanzo anakijua: amekaa naye benchi moja.

Programu zilizoumiza watu wengi zaidi hazikujificha hata kidogo. Ni programu za mikopo. Ziliahidi pesa kwa dakika chache bila dhamana, na wakati wa kujisajili zikaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Aliyechelewa kulipa, wakati mwingine kwa siku moja, aliona matokeo yake: ujumbe ulitumwa kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi, kwa mteja wa samaki aliyenunua mara moja tu mwaka uliopita, ukimtangaza kuwa tapeli na kuwaambia waliopokea kwamba wao ni wadhamini wake. Mikopo ya kausha damu ilikuwepo mitaani kabla ya hapo, ila mkopeshaji wa mtaani hakuwa na daftari la majina ya kila mtu unayemfahamu. Mara nyingi antivairasi haikupiga kengele. Programu ilifanya ilichoruhusiwa na mwenye simu.

Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, ikiwataka wananchi waachane nayo. Kenya ilikuwa imetangulia kwa kanuni za mwaka 2022 zilizowalazimisha wakopeshaji wa namna hii kuwa na leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo, na Google, kuanzia Mei 2023, ilikataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji. Lile katazo la Google, kama sasisho la Microsoft la Februari 2011, lilifunga mlango bila kujali jina la anayebisha. Orodha ya 69 ilifanya kazi kama orodha za antivairasi za miaka ile ya flashi: programu iliyotajwa leo ina uwezo wa kurudi kesho kwa jina jingine na rangi nyingine, ikasambazwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kupita dukani.

Agosti 2025 Google ilitangaza hatua kubwa zaidi: simu za Android zilizothibitishwa zitakubali tu programu ambazo mtengenezaji wake amejitambulisha kwa jina halisi, hata zile zisizotoka dukani. Mpango ulipangwa kuanza Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha nchi nyingine kuanzia 2027, Tanzania ikiwemo. Kwa mpango huo kama ulivyotangazwa, wakopeshaji wa kujificha wangebanwa. Wangebanwa pia vijana wa Nyegezi na Malimbe wanaoandika programu ndogo ya kikundi cha kuweka na kukopa au ya kupanga zamu za boti na kuigawa kwa wanachama kwa faili, kwa kuwa nao wangetakiwa kwenda kujiandikisha kwa kampuni ya California kabla simu ya jirani yao haijaifungua kazi yao.